Mama Masjala na Lebo ya Bado

Ukiingia ofisini kwake bila kumwamkia, barua yako haikupokelewa. Haikukataliwa pia. Iliachwa tu mkononi mwako, naye akaendelea kupanga mafaili kana kwamba mlango umefunguliwa na upepo. Katesh upepo haukosekani, kwa hiyo kisingizio alikuwa nacho. Niliwahi kumwona mgeni mmoja kutoka mkoani, mtu wa tai na kitambi, amesimama mbele ya meza yake na bahasha mkononi dakika nzima, akikohoa, mpaka akili ikamjia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu ukae. Umetuletea nini?"

Bahasha ikapokelewa kwa mikono miwili, ikagongwa muhuri, ikaandikwa kitabuni. Mgeni akatoka akiwa anatabasamu, sijui kwa nini. Watu wengi walitoka pale wakitabasamu baada ya kuaibishwa.

Sote tulimwita Mama Masjala. Jina lake lipo, limejaa kwenye mafaili ya miaka mingi, lakini sitaliandika hapa. Ukoo wake na utoto wake waulizwe wa kwao. Mimi nilimjua mezani, na kwa yale niliyomfanyia mezani, jina lake sina haki ya kulichezea.

Alikuwa amestaafu masjala ya serikali, akaja kwetu kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Sisi tulikuwa ofisi ndogo ya watu watano, vyumba vitatu, ya kuwasaidia watu wa Hanang na Mbulu kufuatilia karatasi zao: vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya vifo, hatimiliki za kimila za mashamba. Hatukuwa tunatoa cheti chochote. Kazi yetu ilikuwa kuandika, kusukuma, kuuliza tena na kumpelekea mtu karatasi yake ikitoka. Baada ya lile tope lililoshuka Mlima Hanang na kuzoa nyumba za watu, kazi iliongezeka sana, maana kuna watu walibaki wazima na karatasi zao zote zikaenda. Mama Masjala mwenyewe alikaa Jorodom, chini ya mlima huo. Nyumba yake ilipona, za majirani zake upande wa juu hazikupona. Hakulizungumza jambo hilo. Mara moja tu, nilipomuuliza kwa nini asipumzike kama wastaafu wenzake, aliniambia, "Nikikaa nyumbani nitautazama mlima kutwa nzima. Na mlima nao unanitazama. Heri nije kuwatazama ninyi, ingawa nanyi si wazuri."

Hilo ndilo lililokuwa linamleta kazini saa moja na nusu asubuhi, kabla ya mlinzi kumaliza kufagia. Naomba ulikumbuke, maana mimi nililisahau.

Mimi niliajiriwa kama mtu wa kompyuta. Nimetokea upande wa Mbulu, karibu na Dongobesh, nikashuka Katesh na cheti cha chuo na imani kwamba dunia nzima ni jedwali ambalo halijajazwa. Mama Masjala alinipa jina siku ya tatu, aliponikuta nabandika lebo kwenye kabati lake la mafaili. Aliniita Bwana Lebo.

Alikuwa na mambo yake. Selotepu aliichukia, akisema inaficha mahali barua ilipochanika; alitumia pini, na pini zake alizihesabu. Alikataza kula mezani, lakini droo yake ya chini ilijaa karanga, na kila ukipita ulisikia inafungwa. Chai yake ya maziwa na tangawizi alikuja nayo kwenye chupa, akatugawia wote isipokuwa aliyechelewa. Aliyechelewa alimiminiwa maji ya moto matupu, kwa heshima zote, kwenye kikombe kilekile. Nimeyanywa mara nyingi.

Kwenye kompyuta alichapa kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulishika ukingo wa meza, kama mtu aliyepanda nyuma ya pikipiki. Ukimcheka alikuuliza barua ya mtu fulani ya mwaka juzi iko wapi, na kabla hujafungua mashine yako yeye alikwisha kukutajia faili, ukurasa na rangi ya wino.

Alikuwa mkali wa siri. "Barua ya mtu ni kama nguo yake ya ndani," alisema, "unaifua, huianiki barabarani." Lakini hakukuwa na habari ya mtu ambayo hakuijua, na nyingine alinisimulia bila mimi kuuliza, akimalizia na "hayo nimekuambia ili usijue." Alihubiri ukweli asubuhi, mchana nikamsikia akidanganya. Bibi mmoja alikuja kuulizia cheti cha kifo cha mumewe. Nilijua maombi yale yamerudishwa kwa kasoro. Mama Masjala akamwambia, "Kipo njiani, mama, wiki ijayo." Bibi alipotoka nilimtazama tu. Akavaa miwani. "Uongo ukiufanyia kazi unaacha kuwa uongo," alisema, na wiki ile nzima alifanya kazi. Cheti kikatoka siku ya sita.

Kwa haya yote nilimpenda, nataka ijulikane. Ningekuwa simpendi, aibu yangu ingekuwa ndogo.

Sasa niseme habari ya stesheneri, maana bila hiyo hakuna kitakachoeleweka.

Wakulima wengi waliotuandikia hawakuwa na anwani ya barua pepe. Siku ya mnada mtu alishuka mjini, akauza alichouza, akaenda stesheneri karibu na stendi. Mwenye stesheneri, mtu wa familia ya wafanyabiashara waliofika Katesh zamani kutoka Kondoa, alimsikiliza, akamwandikia barua kwa Kiswahili kilichonyooka, akaituma kwetu kwa anwani yake yeye mwenyewe. Kwa hiyo machoni pa kompyuta yetu, nusu ya wakulima wa Hanang walikuwa mtu mmoja. Na tukijibu, jibu lilirudi kwake. Yeye alilichapisha, akalitundika kwenye msumari mrefu ukutani, nyuma ya mashine ya fotokopi. Mkulima mwenyewe akipita mnada ujao akakumbuka kuuliza, alilipata. Asipopita, au akipita akauliza duka lisilo lenyewe, msumari ulikaa nalo.

Mama Masjala na mwenye stesheneri walitaniana kila walipokutana.

"Mama, umekuja kunifungia duka?"

"Nimekuja kukagua msumari wako. Unanenepa, wewe unakonda. Nani anakula chakula cha mwenzake?"

Kisha aliushusha mzigo wote msumarini, akasoma majina, akatoka nao mnadani. Siku za mnada alikuwa hashikiki. Alipita kwenye ng'ombe, kwenye mahindi, kwenye nguo za mitumba, akiuliza nani ametoka Mogitu, nani amepanda gari moja na fulani. Mtu akipatikana alisomewa jibu lake hapo hapo, akaulizwa ameelewa nini, akatakiwa kulirudia kwa maneno yake. Asiyepatikana alipelekewa salamu kwa jirani mwenye simu, au kwa katekista. Saa nane alirudi ofisini na vumbi mpaka kwenye nyusi, na kikapu cha vitunguu. Meneja wetu, kijana wa watu aliyeletwa kutoka mjini, aliviona vitunguu tu.

Ni haki nikiri, vitunguu alinunua kweli. Na mara nyingine aliketi kwa mama ntilie akala supu.

Lebo nilizileta mimi. Wafadhili walitaka kujua kila mfanyakazi ameshughulikia barua pepe ngapi, meneja akaniagiza nipange. Nikaweka lebo tatu kwenye akaunti ya kila mtu: Mpya, Inashughulikiwa, Imejibiwa. Nikawafundisha wote asubuhi moja. Barua ikiingia ibandike Mpya, ukianza kuifanyia kazi badilisha, ukishajibu badilisha tena. Wenzangu walielewa upesi. Afisa wetu wa hati, bwana mmoja mchangamfu, alielewa upesi kuliko wote: barua ikiingia tu alijibu "Tumepokea, asante," akabandika Imejibiwa, akaendelea na maisha.

Mama Masjala aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Bwana Lebo. Nikimjibu huyu mzee wa Mogitu, jibu linakwenda wapi?"

"Linakwenda kwenye anwani iliyotuma, mama."

"Kwa mwenye stesheneri."

"Ndiyo."

"Basi hapo umejibu imeili, hujamjibu mtu. Umeujibu msumari." Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka. "Mwanangu, barua ni shikamoo. Mtu amekuja kwako ameinamisha kichwa. Haijaisha mpaka yeye aondoke na marahaba yake, na wewe uone kwamba ameondoka nayo."

Alasiri aliniita mezani kwake, akaniomba nimfundishe kutengeneza lebo mpya. Ilimchukua muda, kidole kimoja kikitafuta herufi. Aliandika *Bado*. Akachagua rangi mwenyewe, kijani cha mahindi yanayoanza kuchipua, akaitazama kwa furaha kama mtu aliyenunua kitenge. Kuanzia siku hiyo, barua aliyoijibu lakini mwenyewe hajathibitisha kwamba amepata na ameelewa, aliibandika Bado. Imejibiwa aliitumia mtu akishaitika. Nilielewa vizuri kabisa. Narudia: nilielewa. Hata nilimwambia, "Mama, hii yako ndiyo ya kweli."

Miezi mitatu baadaye meneja alitaka hesabu. Niliandika programu ndogo, na hadi leo mkono wangu unakumbuka jinsi nilivyojivuna. Iliingia kwenye akaunti ya kila mfanyakazi, ikahesabu barua pepe zilizo chini ya kila lebo, ikayamwaga matokeo kwenye jedwali: mstari mmoja kwa kila mtu, safu moja kwa kila lebo. Kazi ambayo ingemchukua mtu siku mbili, iliisha kabla chai haijapoa. Meneja alinipiga bega. "Wewe sasa ndiye mtaalamu."

Yapo mambo mawili niliyoyaona kwenye lile jedwali kabla sijalipeleka.

La kwanza, programu ilihesabu kila ujumbe peke yake. Afisa wetu wa hati akisema "Tumepokea, asante," mtu akajibu "Sawa," yeye akajibu "Karibu," hizo zilikuwa tatu. La pili ni kwamba programu ilihesabu zile lebo tatu tu nilizoiorodheshea. Bado haikuwamo. Barua zote ambazo Mama Masjala alikuwa anazikimbiza mnadani hazikuonekana popote, kama hazikuwahi kuandikwa. Mstari wa afisa ulisoma mia mbili na kumi na mbili zilizojibiwa. Wa Mama Masjala ulisoma kumi na tisa.

Kuongeza safu moja kungenichukua dakika tano. Lakini meneja alikwisha kuusifu ule mpangilio, na safu ya nne ingezaa maswali, na maswali yangezaa kikao. Nikaiacha. Halafu, ili jedwali lipendeze, nikaweka kanuni kwamba mstari wowote ulio chini ya wastani ujipake rangi nyekundu. Sikuambiwa na mtu. Ilikuwa Alhamisi, saa kumi jioni, nilikuwa na soda pembeni.

Jumatatu tuliketi kikaoni. Jedwali likarushwa ukutani, kubwa kama shuka. Mistari minne myeupe, mmoja mwekundu. Meneja alianza kuzungumza juu ya kasi, juu ya kwenda na wakati, juu ya wenzetu ambao siku za mnada hawaonekani ofisini. Hakumtaja. Ukuta ulikuwa unamtaja.

Mama Masjala alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hii nyekundu ni nini?"

Hakumuuliza meneja. Alinigeukia mimi.

Mdomo huponza kichwa, wanasema. Mimi nimejifunza kwamba unaweza pia kuponza kichwa cha mwenzio. Wakanitazama wote wanne. Nikasema:

"Kompyuta ndiyo inapanga rangi, mama. Yenyewe tu."

Akasema, "Ahaa."

Akafunga kaunta buku lake, daftari nene alilotembea nalo kila mahali. Nilingoja ajitetee. Angesema neno moja tu kuhusu Bado, ningemuunga mkono, hivyo ndivyo nilivyojiambia. Lakini alikuwa na msemo wake wa siku zote, kwamba mtu wa masjala hajitetei, faili ndilo linalomtetea. Siku ile faili nilikuwa mimi.

Mwisho wa mwaka mkataba wake haukuongezwa. Tulimuaga kwa soda, biskuti na doti moja ya khanga. Afisa wa hati alitoa hotuba ndefu. Yeye alisema maneno machache: kwamba pini ziko droo ya juu, na kwamba anayemkuta mtu mlangoni amkaribishe kiti. Droo ya chini aliiacha na karanga. Nilipombebea mfuko wake mpaka getini, alisimama.

"Wale wa Bado utawaangalia?"

"Nitawaangalia, mama."

"Haya."

Wiki iliyofuata meneja aliniambia nifunge akaunti yake na nisafishe mambo kabla ripoti haijaenda. Niliifungua. Chini ya ile lebo ya kijani kulikuwa na watu thelathini na saba. Niliwatazama kwa muda. Kisha nikawachagua wote kwa pamoja, nikawahamishia Imejibiwa. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Nilipoiendesha programu upya, mstari wake ulikuwa bado mwekundu, lakini jumla ya ofisi ilikuwa imepanda, na meneja akafurahi. Nikapewa kiti kipya chenye magurudumu. Nilikizungusha siku ya kwanza.

Sitaki kusema kwamba nilikosa usingizi. Nililala vizuri miezi saba.

Siku moja ya mnada mashine yetu ya kuchapisha iliharibika, nikaenda stesheneri. Nilipokuwa nangoja zamu niliuona msumari. Ulikuwa umejaa mpaka karatasi za mbele zinaning'inia kwa kona, za nyuma zimekuwa rangi ya chai. Mwenye stesheneri alifuata macho yangu.

"Tangu mama aondoke," alisema, "hakuna anayekuja kunitukana."

Kwenye benchi alikaa mzee mmoja mwenye shuka na fimbo. Nilimwamkia, akaitika, akaniuliza kama ninatoka ile ofisi ya karatasi. Nikasema ndiyo.

"Yule mama yuko wapi? Mimi ni wa Mogitu. Cheti cha mjukuu wangu. Mama alisema kikitoka ataniita mwenyewe, nisihangaike. Sasa nimeona kimya, nikasema labda hakijatoka."

"Unakihitaji lini, babu?"

"Kilikuwa kinahitajika, mwanangu. Binti alichaguliwa chuo cha uuguzi. Walitaka cheti cha kuzaliwa. Siku zikapita, nafasi akapewa mwingine. Sasa anachunga mifugo hapo nyumbani. Lakini nauliza tu, mwaka mwingine nao upo."

Nilirudi ofisini nikifanya kama natembea kwa kawaida. Kabatini, kwenye bahasha ya kaki, cheti kilikuwepo. Kimegongwa muhuri siku chache baada ya sisi kunywa zile soda za kumuaga. Nje ya bahasha mtu alikuwa ameandika kwa penseli: *amejibiwa*. Hakuwa amekosea. Kwenye lebo niliyombandika mimi ndivyo ilivyosomeka.

Nilimkimbilia mzee na kile cheti. Alikipokea kwa mikono miwili, akanishukuru, akanishukuru tena. Kushukuriwa kule sitakusahau. Ningepigwa kwa ile fimbo ingekuwa nafuu.

Jumapili, baada ya ibada, nilipanda Jorodom.

Nilimkuta uani anapepeta maharage. Kiti chake alikuwa amekigeuza, mgongo kwenye mlima. Alikuwa amepungua, khanga tuliyompa ameifunga kiunoni, na miwani ameitia uzi. Nilisimama mbele yake.

"Shikamoo, mama."

Aliniangalia. Akaendelea kidogo na maharage.

"Karibu kiti."

Nilidhani hakusikia. Nikarudia, kwa sauti zaidi.

"Nimesikia. Kaa."

Nikakaa. Akaniletea chai ya maziwa yenye tangawizi, kikombe kimejaa, kama ile ya waliowahi. Hapo nikamwambia yote. Nilimwambia ile nyekundu niliiweka mimi kwa mkono wangu, Alhamisi jioni, wala kompyuta haina chuki na mtu. Nikamwambia niliona kwamba Bado haihesabiwi na nikanyamaza. Kuhusu rangi hakuonekana kushangaa. Alitikisa ungo tu. Nikamwambia habari ya wale wa Bado.

Ungo ukasimama.

"Wangapi?"

"Thelathini na saba."

"Uliwatazama hata mmoja mmoja?"

"Hapana, mama. Niliwahamisha wote kwa pamoja."

Nikamweleza habari ya mzee wa Mogitu na mjukuu wake. Aliniuliza jina la binti. Sikulijua. Yeye akalitaja. Akasema siku moja binti yule alimletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu, akakataa kuondoka mpaka ayanywe mbele yake. Kisha akauweka ungo chini.

"Nisamehe, mama," nilisema. Nililia, sina haja ya kuficha.

Alinyanyuka akaingia ndani, akatoka na lile kaunta buku. Akafungua kurasa za mwisho. Walikuwa wameandikwa wote kwa mwandiko wake ule wa kulala upande: jina, kijiji, jirani mwenye simu, siku anayoshuka mjini, na alichokuwa anangojea.

"Niliwanakili kabla sijaondoka," alisema. "Mashine sikuiamini. Wewe nilikuamini, ndiyo maana sikuja kuuliza."

Akaniwekea kaunta buku mapajani.

"Jedwali lako silitaki. Nenda kwa miguu yako. Ukimpata mtu, mpe chake, muombe radhi, ungoje aitike. Akiitika weka alama hapo. Na hiyo shikamoo yako," akasimama, akakung'uta maganda kwenye khanga, "nimeiweka Bado. Wao wakiisha kuitika, nami nitaitika."

Alinisindikiza mpaka barabarani, kama mgeni yeyote. Njiani aliniuliza habari za mama yangu na mvua za Mbulu.

Huu ni mwezi wa tano tangu anipe lile buku. Jumamosi na siku za mnada ninakwenda. Kiti cha magurudumu nimemwachia afisa wa hati, na kwenye programu nimeongeza safu ya nne. Meneja aliuliza maswali, na kikao kikazaliwa, na hakuna aliyekufa. Nilimwambia mbele ya wote ile nyekundu ilitoka wapi. Alisema yamepita. Nafasi ya Mama Masjala ilikwisha kujazwa na binti mwenye kasi sana. Katika wale thelathini na saba, wapo walionikaribisha uji. Mmoja alimfunga mbwa wake asubuhi nipite, alasiri alipojua nilichofanya akamfungulia. Binti wa Mogitu aliitika bila kunitazama, akiwa anakamua.

Kila mwisho wa mwezi napita Jorodom kutoa habari. Ninaamkia, nakaribishwa kiti. Jumapili iliyopita nilimwambia walioitika ni ishirini na sita, waliobaki ni kumi.

Alihesabu kichwani. "Hawatimii."

"Yule bibi wa njia ya Mbulu amefariki, mama. Aliyekuwa anangojea hatimiliki ya shamba. Nilifika baada ya matanga." Nilikuwa nimeshika kalamu. "Huyo tumhesabu vipi?"

Alilichukua kaunta buku, akalitafuta jina, akaliwekea kidole chake kile cha kuchapia.

"Huyo humhesabu," alisema. "Huyo unambeba."

Kisha akanimiminia chai, akaniuliza wale kumi wanakaa wapi.